Kumtafuta Babu wa Mpakani, Kumkuta Bibi



Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hii twaitumia sana kuwaonya vijana wetu, lakini ni nadra kujiuliza hiyo asili hujulikanaje pale ambapo wazee walioijua wameshatangulia mbele ya haki, na hakuna aliyekaa nao akaandika. Juma hili twapenda kulitazama swali hilo kwa watu wa mbali, nao ni Wamarekani. Wapo miongoni mwetu wenye watoto na wajukuu waliozaliwa huko, na si ajabu mjukuu kurudi kutoka shule na karatasi ya mti wa ukoo, akitakiwa ajaze majina ya mababu wa pande zote mbili. Upande mmoja watajaza wazee wa hapa kwetu. Upande wa pili, ikiwa mzazi mmoja ni mwenyeji wa huko, huenda majina yakarudi nyuma hadi kwa walowezi wa mpakani.

Mpaka huo haukuwa mpaka wa nchi na nchi kama ule wa Lunga Lunga. Katika karne ya 18 lilikuwa ni eneo la milima ya Appalachia na mabonde yaliyo magharibi yake, mahali ambapo makazi ya walowezi wa Kiingereza yalikomea na ardhi ya Washawnee, Wacherokee na mataifa mengine ya wenyeji ilianzia. Aliyevuka huko aliiacha nyuma mahakama, kanisa na daftari la karani. Ndiyo maana babu wa mpakani ni mgumu kumpata. Na ikiwa yeye ni mgumu, mkewe ni mgumu mara mbili zaidi. Twasema mapema, ili msomaji ajue twaelekea wapi: katika utafiti huu, mara nyingi anayemfungua babu ni bibi, na bibi huonekana pale tu ambapo sheria ililazimika kumsikiliza.

Tuchukue mfano wa mtu mashuhuri kuliko wote wa mpakani, Daniel Boone, kwa kuwa habari zake zimechunguzwa sana. Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1734. Wazazi wake, Squire Boone na Sarah Morgan, walikuwa wafuasi wa madhehebu ya Quaker na walioana mwaka 1720. Watu wa madhehebu hayo walikuwa na ada njema ya kuandika. Vizazi, ndoa na vifo vilitiwa katika daftari za mkutano wao, na siku ya ndoa waliohudhuria walitia majina yao kwenye cheti kuwa mashahidi, wanaume kwa wanawake. Mtafiti akifungua cheti kama hicho hupata mama, shangazi na dada katika karatasi moja, jambo ambalo halipatikani kwa urahisi kwingineko.

Lakini Squire Boone aligombana na wenzake kwa kuwa watoto wake walioa na kuolewa nje ya madhehebu, wakamtoa katika jumuiya. Mwaka 1750 familia ikafunga mizigo ikaelekea kusini, hatimaye bonde la mto Yadkin huko North Carolina. Hapo ndipo watoto na wajukuu wake wanapotoka katika daftari safi na kuingia msituni. Toka hapo hakuna kitabu kimoja kinachowafuata. Hubaki vipande vipande: orodha ya walipa kodi hapa, hati ya ardhi pale, ushahidi wa mahakamani kwingine. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha mpakani hujazwa punje kwa punje.

Kanuni ya kwanza ya wanaoifanya kazi hii kwa uaminifu ni kuanza na aliye hai na kurudi nyuma hatua moja moja, kila hatua na ushahidi wake. Hawaanzi na mtu mashuhuri wakashuka kujitafuta. Anayeanza na Boone, kwa kuwa tu jina la ukoo wake ni Boone, hatakosa njia ya kujiunganisha naye, lakini njia hiyo itakuwa ni ya matamanio. Anayeanza na nyanya yake mzaa mama, akaomba cheti chake cha kuzaliwa, akapata majina ya wazazi wake, akawatafuta katika sensa, huyo anajenga juu ya msingi.

Sensa ya Marekani ilianza mwaka 1790 na hufanywa kila baada ya miaka kumi. Mgeni wa kazi hii hudhani kuwa atafungua sensa hiyo ya kwanza na kumkuta babu na familia yake yote. Si hivyo. Sensa ya 1790 iliandika jina la mkuu wa kaya peke yake. Waliobaki walikuwa ni hesabu: wanaume weupe wa miaka 16 na zaidi, wavulana walio chini ya umri huo, na wanawake weupe wote, kuanzia kichanga cha siku saba hadi bibi kizee, katika fungu moja lisilo na jina wala umri. Kisha watu wengine walio huru, kisha watumwa. Ilichukua hadi sensa ya 1850 ndipo kila mtu huru akaandikwa kwa jina lake. Maana yake ni kwamba mwanamke angeweza kuzaliwa, kuolewa, kuzaa watoto kumi na kufariki, na serikali isimjue ila kama alama moja ya wino. Na kwa Kentucky, alikokwenda Boone, hata hizo alama za mwanzo hazipo, kwani sensa zake za 1790 na 1800 zilipotea. Watafiti hutegemea badala yake orodha za walipa kodi.

Kuna mtego mwingine ambao msomaji wa Kenya ataufahamu upesi, kwa kuwa nasi twaishi katika kaunti. Kaunti za mpakani ziligawanywa kila watu walipoongezeka. Kentucky yenyewe ilianza kama kaunti moja ya Virginia. Mwaka 1780 ikagawanywa ikawa tatu. Mwaka 1792 ikawa jimbo kamili. Na leo ina kaunti 120. Kwa hiyo mzee aliyejenga kibanda chake kando ya kijito kimoja na asihame hata siku moja aweza kuwa na hati ya ardhi katika kaunti moja, dhamana ya ndoa ya binti yake katika ya pili, na wasia katika ya tatu. Mtafiti asiyejua historia ya mipaka hiyo atakata tamaa au, vibaya zaidi, atadhani kuwa hao ni watu watatu.

Ardhi ndiyo iliyowapeleka watu mpakani, na ardhi ndiyo iliyoacha karatasi nyingi kuliko kitu kingine. Kwa sheria ya Virginia ya mwaka 1779, mlowezi aliyethibitisha kuwa alikaa mahali aliweza kupewa ekari 400, pamoja na haki ya kununua ekari 1,000 za jirani. Ilimbidi apate kibali, atangaze mahali anapopataka, aje mpima ardhi, kisha atolewe hati. Kila hatua ilikuwa na karatasi yake. Lakini vipimo vilishikizwa kwenye miti, mawe na maungio ya vijito, na mara nyingi ardhi moja ilidaiwa na watu watatu au wanne. Boone, aliyefungua njia ya kuvuka milima mwaka 1775 na kujenga ngome ya Boonesborough, alikuwa naye mpima ardhi, na bado alipoteza karibu madai yake yote ya ardhi huko Kentucky. Mwaka 1799 alihamia Missouri, iliyokuwa wakati huo chini ya Uhispania.

Kilichokuwa msiba kwa walowezi kimekuwa hazina kwa wajukuu zao. Kesi zile za ardhi ziliwaleta wazee mahakamani kuapa: nina umri wa miaka kadhaa, nilifika mwaka fulani pamoja na fulani, tulipiga kambi kwenye chemchemi hii, mkwe wangu alichonga herufi za jina lake kwenye mti ule. Katika kiapo kimoja cha kugombea kijito, mtafiti aweza kupata umri, mwaka wa kuhama, na udugu wa watu watatu ambao haukuandikwa popote pengine.

Sasa tumgeukie bibi. Sheria ya Kiingereza iliyosafiri pamoja na walowezi ilisema kuwa mwanamke akiolewa, mali yake huingia katika mamlaka ya mumewe, na jina la baba yake humtoka. Msomaji wetu wa Pwani, ambaye hubaki binti wa baba yake kwa jina hata akiolewa mara ngapi, ataona mara moja tatizo la mtafiti: hati yasema Rebecca Boone, nayo haisemi kamwe ni binti wa nani. Lakini sheria hiyo hiyo iliacha ufa mmoja, na nuru hupenya humo. Mjane alikuwa na haki ya kutumia theluthi ya ardhi ya mumewe maisha yake yote. Basi mume akitaka kuuza ardhi, mnunuzi mwenye akili hakuridhika mpaka mke naye aiachilie haki yake. Mke aliitwa mbele ya mahakimu, akatengwa na mumewe, akaulizwa faragha kama amekubali kwa hiari au amelazimishwa. Karani aliandika jina lake na jibu lake. Kwa wanawake wengi wa mpakani, hayo ndiyo maneno pekee waliyoyatoa maishani mwao yaliyobaki katika maandishi.

Jina la baba yake hutafutwa kwingine. La kwanza ni dhamana ya ndoa: bwana harusi aliweka ahadi ya fedha kuwa hakuna kizuizi cha ndoa, na mdhamini wake aghalabu alikuwa baba au kaka wa bibi harusi. Haikuwa sawa na walii tumjuaye sisi, lakini mwenye kutafuta ukoo wa mwanamke hulitazama jina la mdhamini huyo kwa makini. La pili ni wasia wa baba, unapomtaja binti kwa jina la ukoo alioolewa. La tatu ni mafaili ya malipo ya wajane wa vita vya uhuru.

Mafaili hayo yana kisa chake. Bunge la Marekani lilitoa sheria mwaka 1832 ya kuwalipa wazee waliopigana vita vya uhuru walau miezi sita, na mwaka 1836 likawafungulia mlango wajane wao. Kila mjane ilimbidi athibitishe kuwa kweli aliolewa na askari yule, na mwaka gani. Huko mpakani vyeti havikuwapo. Walichofanya wengi ni kuchukua Biblia ya nyumbani, ambamo mwanzoni au katikati palikuwa na kurasa zilizoandikwa kwa mkono tarehe za ndoa na za kuzaliwa watoto, wakazikata kurasa hizo wakazipeleka Washington pamoja na viapo vya majirani. Nyingi hazikurudi. Zimehifadhiwa hadi leo katika Nyaraka za Taifa za Marekani, zikiwa na alama ya kisu ubavuni. Mwanamke aliyekuwa akidai riziki yake ya uzeeni ndiye aliyewaachia wajukuu wake ukoo mzima, bila ya kujua.

Pamoja na njia zote hizo, hata mwanamke mashuhuri wa mpakani hakusalimika na giza. Rebecca Bryan aliolewa na Daniel Boone tarehe 14 Agosti 1756. Alizaa watoto kumi. Mwanawe James aliuawa mwaka 1773 katika mapambano na wenyeji, na Israel mwaka 1782. Binti yake Jemima alitekwa mwaka 1776 kisha akaokolewa. Mwaka 1778 mumewe alitekwa na Washawnee, na Rebecca, akidhani kuwa ameshakufa, aliwafunga watoto safari akarudi nao North Carolina kwa jamaa zake. Hakuna chuo kilichomsomesha wala kitabu alichokiandika. Inajulikana kuwa alikuwa wa ukoo wa Bryan, mjukuu wa mzee Morgan Bryan, na baba yake hutajwa kuwa ni Joseph. Lakini mama yake ni nani? Wapo wasemao ni Hester Hampton, na wapo wasemao ni Alice Linville. Kiini cha ugomvi wa namna hii ni kitu ambacho kila mtafiti huonywa: mke anayetajwa katika wasia wa mwanamume si lazima awe mama wa watoto wake wote. Huenda mama alikufa kijana, na aliyebaki hai siku ya wasia ni mke wa pili.

Mengi tuyajuayo juu ya nyumba ya Rebecca yalipatikana kwa sababu mtu mmoja aliuliza kabla mlango haujafungwa. Mwaka 1851 mkusanyaji wa habari aitwaye Lyman Draper alifunga safari hadi Missouri, akaketi na Nathan, kitinda mimba wa Boone, na mkewe Olive. Aliwauliza kwa siku kadhaa na kuandika majibu yao. Olive, mke wa mwana, alikuwa ameishi na wakwe zake na kuyajua ya jikoni ambayo wanaume hawakuyasimulia. Nathan alifariki mwaka 1856 na Olive miaka miwili baadaye. Lau Draper angechelewa miaka saba, kisima kingekuwa kikavu. Karatasi zake zimehifadhiwa Wisconsin, na kila anayeandika juu ya Boone huzirudia.

Wapo pia ambao daftari liliwanyamazia kwa makusudi. Boone mwenyewe alimiliki watumwa, na walowezi wengi wa Kentucky vilevile. Watumwa hawakuandikwa kwa majina katika sensa za 1850 na 1860. Waliandikwa kwa umri, jinsia na rangi, chini ya jina la mmiliki. Wengi wao majina yao kamili yaonekana mara ya kwanza katika sensa ya 1870. Mjukuu wao anayetaka kuvuka mwaka huo nyuma hana budi kusoma wasia na orodha za mirathi za waliowamiliki wazee wake, awatafute mababu zake baina ya ng'ombe na majembe. Nao Washawnee walikuwa na ada ya kumfanya mateka mwana wa nyumba, achukue nafasi ya aliyefariki. Boone alipotekwa, chifu Blackfish alimchukua kuwa mwanawe. Udugu huo haumo katika daftari lolote la kaunti.

Kwa kuwa kazi hii ina mapengo mengi, imewavuta waongo. Anayekumbukwa zaidi ni Gustave Anjou, mzaliwa wa Sweden aliyefariki mwaka 1942, ambaye aliwatengenezea matajiri wa Marekani nasaba za kuwapendeza. Alichanganya hati za kweli na za kubuni kwa ustadi hata kazi yake ikaingia katika maktaba, ikanakiliwa na watu wema wasiojua. Zipo pia familia nyingi zinazorithishana habari kuwa bibi yao mkuu alikuwa binti wa mfalme wa Wacherokee, ilhali Wacherokee hawakuwa na ufalme wa namna hiyo. Madhara ya uongo wa nasaba hayaishii kwenye kujivuna. Anayempachika babu asiye wake amemfukuza aliye wake. Kwa kila mfalme wa kubuni yupo mkulima wa kweli, na mkewe, waliofutwa mara ya pili.

Ndiyo maana wenye kuijua kazi hii hawaamini jina peke yake. Majina Daniel, John na Sarah yalijaa kila kijiji. Neno la Mkubwa au Mdogo baada ya jina halikumaanisha siku zote baba na mwana. Lilitofautisha tu watu wawili wa jina moja katika kaunti, wakati mwingine mtu na ami yake, au wasio ndugu kabisa. Wala mti wa ukoo uliochorwa na mtu mwingine haufanywi kuwa ushahidi mpaka uonekane ulitoka wapi.

Sisi wa Pwani hatuna kaunti 120 za karatasi za karne ya 18, na huenda wengi wetu nasaba zetu zimo vifuani mwa wazee. Hilo ni jambo la heshima, lakini kifua nacho huzikwa. Na tukitazama kwa uadilifu, mara nyingi tunachokariri ni mnyororo wa wanaume: fulani bin fulani bin fulani. Tukiulizwa mama wa babu aliitwaje, alitoka mji gani, alizaliwa na nani, wengi wetu husimama hapo.

Basi twawaomba dada zetu na mama zetu jambo moja. Nunua daftari lenye jalada gumu. Mwendee mkubwa kuliko wote nyumbani kwenu, hasa mwanamke, hata kama ameingia kwa ndoa, kwani Olive alikuwa mkwe. Muulize majina ya mama zake na mama wa mama zake, nyumba walizozaliwa, wanyonyeshaji wao, nani alimlea nani, nani alifariki mdogo. Andika nani amekwambia, na tarehe uliyoambiwa. Penye hitilafu baina ya wasimulizi wawili, andika kauli zote mbili wala usichague ile ipendezayo. Zitazame hati za nyumba na shamba, karatasi za ndoa, karatasi za mirathi. Yasome majina ya mashahidi, usiyaruke. Kisha fanya nakala mbili, na moja iwekwe nyumba nyingine.

Wajane wale wa mpakani walilazimika kukata kurasa zao na kuzipeleka mbali ili waaminiwe. Sisi kurasa zetu bado twaweza kuziandika tukiwa tumekaa barazani, na wenye habari wangali nasi.

Wabillahi taufiki.